Puto la Mloganzila na Kicheko Chetu

Ndugu msikilizaji, wiki hii nina deni la kulipa, na kwa kuwa nililikopa hapa hapa kwenye kipaza sauti, ni haki nililipe hapa hapa.

Mwishoni mwa mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilianza kuwawekea puto tumboni watu wenye uzito uliopitiliza. Taarifa hiyo ilifika mezani petu pamoja na nyingine za bei ya kahawa na ubovu wa barabara. Niliisoma vizuri, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa chuoni. Ilipokwisha nikaongeza la kwangu. Nilisema maputo sasa yamechoka kupamba kumbi za harusi, yameamua kuhamia matumboni mwa mashangazi. Fundi mitambo alicheka hadi akainama. Simu zikaingia, kila mpigaji na utani wake, nasi tukahesabu kwamba kipindi kimefana.

Siku hiyo binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa jikoni kwake Rugu, anamenya ndizi, redio ikiwa juu ya kabati. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Ameniruhusu kuyasimulia haya, ila jina lake libaki kwake, na walimu wa Rugu ni wengi. Wiki hiyo hiyo daktari alikuwa amemwambia kwamba sukari yake haishuki, presha imekataa vidonge, magoti yanakwisha, na uzito ndio unaovichochea vyote. Akamtajia kwamba siku hizi hospitali kubwa zina tiba za kupunguza uzito. Aulize kama bima yake ya utumishi itamsaidia.

Mimi haya niliyajua miaka miwili baadaye, sikukuu ya Krismasi, tulipokuwa tumekaa nje baada ya chakula.

“Kaka, nilikuwa nimekwisha kata shauri niende kuuliza,” aliniambia. “Halafu nikakusikia.”

“Ulisikia nini, dada?”

“Nilisikia kwamba mimi ni ukumbi wa harusi.”

Aliyasema bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Hakwenda kuuliza. Aliogopa kwamba karani wa dirishani atarudia swali lake kwa sauti ili watu wote kwenye benchi wasikie, na kwamba wangekuwa nao wameisikia redio.

Naam. Usiku ule nilipolala nilimkumbuka mwanahabari mwingine aliyewahi kuchekesha walimwengu kwa miili ya wanawake wa Karagwe. Hakuwa mwanahabari hasa, alikuwa askari wa Kiingereza mtafuta chanzo cha mto Nile, jina lake John Hanning Speke. Alifika kwa Mukama Rumanika mwezi Novemba 1861. Katika nyumba ya kifalme aliwakuta wake za wakubwa walionenepeshwa kwa maziwa tangu usichana. Unene wao ulikuwa heshima ya mume na ya nyumba, alama kwamba ng’ombe wapo na mke hagusi jembe. Speke akatoa kamba ya kupimia. Alimpima shemeji mmoja wa Mukama mkono wa juu, kifua, paja na ndama ya mguu, akaviandika vipimo hivyo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863. Ukivigeuza kwa hesabu za leo, mkono ulikuwa kama sentimita 58, kifua sentimita 132, paja sentimita 79. Mama huyo hakuweza kusimama wima, alijivuta kwa mikono na magoti. Na binti yake wa miaka kumi na sita alikuwa kando, ananyweshwa maziwa huku baba ameshika fimbo.

Kitabu kile kina kipimo cha paja lake, lakini jina lake hakina. Wala hakuna mahali Speke anapotueleza kama mama yule alikuwa akipumua vizuri usiku.

Nayaleta haya kwa sababu tumebadilika upande mmoja tu. Unene uliokuwa heshima tumeugeuza kichekesho, lakini kamba ya kupimia tumebaki nayo mkononi. Fungua gazeti lolote lenye habari ya uzito: utakuta picha ya tumbo la mwanamke lililopigwa kutoka shingoni kwenda chini, kichwa kimekatwa. Hata lugha yetu ya kitaalamu imesaidia. Wataalamu wa lishe wametupa neno “kiribatumbo”. Kiriba, kwa kijana wa mjini asiyekijua, ni mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Sasa ni nani atakayeingia chumba cha daktari akajitambulisha kuwa ni kiriba?

Na tazameni tulivyomfanya Profesa Mohamed Janabi. Huyu ni daktari bingwa wa moyo, aliongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kisha Muhimbili, na mwaka 2025 akachaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Kwa miaka kadhaa alituhubiria kuhusu sukari, wanga na ukubwa wa kiuno. Tulichomrudishia ni vichekesho: kila aliyeketi mbele ya sahani ya wali alimtaja Janabi kwanza ndipo akala. Utani si kosa, na mimi nilikuwa kinara. Lakini katika utani wote ule lipo swali ambalo sisi wenye kalamu na vipaza sauti hatukuliuliza. Mtu ambaye ushauri umekwisha kumshinda, na ugonjwa umekwisha kumkamata, nani atamlipia tiba?

Kabla ya fedha, tuijue tiba yenyewe, maana hapo pia tulichanganya mambo. Puto si upasuaji. Daktari hulipitisha kwa mpira kupitia mdomoni hadi tumboni, akalijaza, likachukua nafasi ya chakula ili mtu ashibe upesi. Hukaa kwa miezi kadhaa, kisha hutolewa, na asiyebadili ulaji uzito humrudia. Upasuaji ni jambo jingine. Njia moja ni kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba wenye umbo ambalo watu wa Kagera hatuhitaji kuchorewa: ndizi. Nyingine ni kukiunganisha kipande kidogo cha mfuko huo na utumbo wa mbele, chakula kikaruka njia ya kawaida. Hiyo ya pili ilianzia Marekani mwaka 1966 kwa daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa.

Wala si urembo. Miaka ya tisini madaktari wa upasuaji huko Marekani walishangaa kuona wagonjwa wengi wa kisukari waliofanyiwa upasuaji huu wanarudi wakiwa na sukari ya kawaida. Wasweden waliwafuatilia watu zaidi ya 4,000 kwa miaka mingi, nusu yao wamepasuliwa na nusu hawakupasuliwa, na mwaka 2007 wakaeleza kwamba waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao. Hatari zipo. Mtu anaweza kutokwa damu, mshono unaweza kuvuja, na aliyekatwa hutumia vitamini na kupimwa damu maisha yake yote. Hili la mwisho nitalirudia, maana kutoka Rugu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja.

Sasa fedha. Uingereza huduma hii hulipiwa na mfuko wa afya wa umma kwa vigezo. Kigezo kikuu ni uzito wa mtu kwa kilo uliogawanywa kwa urefu wake kwa mita, kisha tena kwa urefu ule ule. Mwenye urefu wa mita 1.60 na kilo 103 anavuka 40, hapo anafikiriwa. Mwenye kilo 90 anafika 35, na anafikiriwa kama ana kisukari au presha au ugonjwa mwingine unaoletwa na uzito. Mwaka 2014 wataalamu wao waliposhauri kwamba watu waliopata kisukari karibuni wafikiriwe hata wakiwa na uzito pungufu ya huo, baadhi ya magazeti ya huko yaliuliza kwa nini mlipa kodi amlipie mlafi. Marekani nako, bima ya Serikali kwa wazee ilianza kulipia nchi nzima mwaka 2006. Kwa hiyo ubishi si wetu peke yetu.

Kwetu, anayeingia hospitali kwa ajili ya puto bila mtu wa kumlipia huzungumzia mamilioni ya shilingi. Mwalimu wa msingi hana mamilioni. Anachokatwa kila mwezi ni asilimia tatu ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri anaongeza tatu nyingine.

Najua utakalosema, ndugu msikilizaji, maana nimelisikia kwa wapigaji wa simu: amekula mwenyewe, alipe mwenyewe. Vema. Nenda basi wodi za mifupa ukawaangalie vijana wa bodaboda. Nani anamuuliza kijana aliyevunjika paja kama alivaa kofia, au kama alikuwa amepitia kilabu cha rubisi? Anatibiwa. Mvuta sigara anatibiwa mapafu. Mwili wa mnene ndio pekee tunaoufungulia kesi kabla ya jalada la matibabu.

Halafu kuna hesabu. Kisukari kisichoshuka huua figo. Figo zikifa, mgonjwa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki mpaka apandikizwe figo nyingine au afe, na gharama hiyo bima yetu imekuwa ikiilipia, nami naipongeza. Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, jambo lililotutia fahari nchi nzima, na redioni tulilitangaza kwa sauti nzito, hakuna aliyetania. Maana yake ni kwamba tuko tayari kulipa, tena kwa heshima, mtu akishafika ukingoni. Kumvuta akiwa bado mita mia kutoka ukingo ndiko kunakotuchekesha.

Hoja nzito kuliko ya ulafi ni ile ya watoto. Utafiti wa afya wa Taifa wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kagera yetu, mkoa wa migomba, imekuwa ikihesabiwa miongoni mwa mikoa yenye udumavu mkubwa. Mzazi wa mtoto huyo akisikia fedha za umma zinapunguza tumbo la mtu, atakuwa na haki ya kukunja uso. Mimi mwenyewe niliwahi kuingia zahanati moja, sitaitaja, nikakuta kipima presha hakina betri kwa wiki ya tatu. Betri, ndugu zangu. Kwa hiyo sisemi kila mwenye kitambi apelekwe Mloganzila, na anayetaka kiuno cha kuvalia gauni la harusi ajilipie. Lakini tusidhani mdumavu na mnene wanaishi nchi mbili. Utafiti kama huo wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 kati ya 100 wana uzito uliozidi. Mara nyingi mama na mtoto hao wanakula chungu kimoja, ndizi nyingi, maharage kidogo, yai la kuuza.

Ninachotaka ni kidogo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Kitita cha mafao kiseme kwa Kiswahili ambacho mwalimu wa Rugu atakielewa: uzito gani, ukiandamana na ugonjwa gani, baada ya kujaribu nini, unamstahilisha mtu tiba gani. Kikisema hapana, kiseme hapana na sababu. Kikisema ndiyo, kihesabu na njia ya kurudi: vitamini, vipimo vya damu, na daktari wa huku mkoani atakayempokea, maana kumkata mtu tumbo Dar es Salaam kisha kumwachia Karagwe bila mtu wa kumfuatilia ni kumtafutia ugonjwa wa pili.

Na kwetu sisi wa vyombo vya habari: picha zenye vichwa.

Nilimwomba radhi binamu yangu pale pale chini ya mti, akasema amesikia, ila matusi yalisemwa hewani na radhi nataka kuiombea uani. Ndiyo sababu mmenisikia leo. Jumatatu ijayo amepanga kwenda dirishani kuuliza, nami nimemwomba nimsindikize. Amekubali kwa sharti moja, kwamba nibebe mkoba na nisiseme neno.