Viti Vipya vya Idd na Kasha la Nyanya

 



Nimeombwa nizungumze juu ya mapambo ya nyumba, na najua wengine mshaanza kucheka. Mapambo na Ramadhan wapi na wapi? Lakini hebu tuambiane ukweli. Likiingia kumi la mwisho, wakati tunaotakiwa tuwe msikitini tukiutafuta usiku wa Lailatul Qadr, wengi wetu tuko maduka ya fanicha. Mapazia yabadilishwe, zulia libadilishwe, na sofa seti ya mwaka juzi ati imeshapitwa. Baba hana pesa, basi anakopa. Siku hizi hata kutoka nyumbani hakuna haja, mkopo uko kwenye simu, na riba yake humo humo. Mtu kafunga siku ishirini na zaidi, kisha anaingia kwenye riba kwa sababu ya kiti!

Sisemi kupamba nyumba ni makosa. Katika Suratul A'raf, aya ya 31 inakataza israfu, na ya 32 inayofuata inawakemea wanaojiharamishia pambo ambalo Allah amewatolea waja wake. Zimekaa pamoja. Na katika Suratun Nahl, aya ya 80, vyombo vya nyumba vimehesabiwa miongoni mwa neema, vile vilivyofanywa kwa sufi na manyoya na nywele za wanyama, na vikaelezwa kuwa ni vya kutumiwa kwa muda.

Swali langu ni hili: hicho kiti kipya kikiingia, ni nini kinachotoka?

Nyumbani kwetu kilichotoka ni kasha la nyanya. Lilikuwa kasha la msaji lenye njumu za shaba, na ukilifunua harufu ya udi na viluwa vikavu inakupokea. Idd ilikuwa karibu na mama alitaka ukumbi upendeze. Akaja mnunuzi, akalizunguka kasha mara mbili, akasema limeliwa na dumuzi, na bei aliyoitaja ilikuwa kama anatusaidia kulitupa. Tukampa. Tena sisi vijana ndio tuliomsaidia kulibeba mpaka kwenye mkokoteni. Pesa zile zikawa malipo ya kwanza ya sofa ya watu saba. Mwaka wa pili kiti kirefu kikakatika katikati, na tulipochana kitambaa tukakuta chipbodi, yaani vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Deni tulilimaliza sofa yenyewe ishatupwa.

Tulidanganywa kwa sababu hatukujua tulichokuwa nacho. Kijana wa leo ukimuuliza kitanda cha nyanyake kina nini, atakwambia "miguu na mbao". Lo! Kitanda cha kamba kina matendegu manne, na mafundi wa zamani waliyakereza moja moja. Kina mifumbati miwili ya ubavuni, na vitakizo viwili, kimoja upande wa kichwa na kimoja upande wa miguu. Upande wa kichwa unaitwa mchago. Kamba zikilegea hukitupi kitanda, unakiwamba upya. Kile kilicholetwa kutoka Bara Hindi ni samadari, na kikiwa na paa la kitambaa juu, hilo paa ni besera. Anayejua majina haya hawezi kuambiwa "hiki kitu kizee tu" akanyamaza.

Na mbao vilevile. Mpingo ni mweusi na mzito, ndio uliotengenezwa viti vya enzi vya Lamu, vile vya mgongo mrefu vilivyotiwa vipande vya pembe au mfupa na kusukwa kamba. Kiti hicho hakikuwa cha kila mtu kujirusha, kilikuwa cha mgeni na cha mkubwa. Mvule na mbambakofi ni mbao ngumu ambazo mchwa hazipendi. Saiprasi ni nyepesi na rahisi, na si mbaya kwa fremu ya kiti ikiwa imekauka vizuri. Chipbodi nayo ina kazi yake, ila kwetu pwani hewa ina unyevu, na akina mama wanadeki kila siku. Angalia chini ya kabati lako la chipbodi: pale maji yanapofika limevimba kama mkate uliotiwa kwenye chai.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawatwambii. Nyumba za mawe za Mji wa Kale Mombasa na za Lamu zilipauliwa kwa boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu lakini vyembamba, upana wake hauzidi mita 3 hivi. Wazee waliweka vitu ukutani: zidaka za chokaa kwa ajili ya mabakuli ya kaure na vitabu, na chini wakatandika mikeka, busati na matakia. Nafasi ya katikati ikabaki ya watu. Sisi leo tunasukuma sofa ya watu saba ndani ya chumba hicho hicho, mgeni anapita ubavu ubavu, na wakati wa kufuturu sahani haina pa kuwekwa. Mwisho wote tunateremka chini kwenye mkeka kama zamani, na sofa zinatutazama!

Kwa hiyo mwenye kitu cha kale ndani asiharakishe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na turathi inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, na milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1946 nazo zinalindwa. Havitolewi nchini bila kibali. Kama havikuwa na thamani, sheria ingejisumbua navyo? Kabla hujauza, mwite fundi seremala mzee, au waulize watu wa makumbusho. Dumuzi anatibika.

Katika Sahih Muslim, Jabir (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alitaja tandiko la mume, la mke, na la tatu la mgeni, na la nne akasema ni la shetani. Wanavyuoni wameeleza kuwa kilichokusudiwa ni kile kinachozidi haja, kwa hivyo mwenye watoto wanane asianze kuhesabu vitanda. Mimi naangalia hapo kwa mgeni. Ana fungu lake. Na Bibi Aisha (R.A.) alitundika pazia lenye picha, Mtume (S.A.W.) akalikataa. Kitambaa hakikutupwa, kilikatwa kikafanywa mito ya kuegemea. Dada zangu, yale mapazia ya mwaka jana yako wapi?

Na ikiwa ni lazima ununue, nunua kwa pesa ulizo nazo, na usinunue rangi. Kipindue kiti juu chini pale pale dukani, muuzaji asikutishe kwa uso. Chana kidogo kile kitambaa cheusi cha chini ikiwa atakubali, na asipokubali jiulize kwa nini. Tazama fremu ni mbao au ni chipbodi, na maungio yake yamepachikwa na kutiwa gundi au yamepigwa misumari tu. Bonyeza sponji kwa ngumi uone kama inarudi. Nyanyua ncha moja: kiti kikilia, kiache hapo hapo. Kwa fundi wa jua kali unaweza kuagiza fremu leo, ukakaa juu yake na mto wa zamani, kitambaa ukakitia Idd ya Hajj. Wageni hawatakimbia.

Kasha letu sijui liko nyumba ya nani. Nyanya hakuuliza lilipo, alitoa kanga zake mle ndani akazifunga kwenye shuka, na mpaka alipofariki zilikaa hivyo, chini ya kitanda.