Ngumi Zetu za Hewani: Maneno ya Kamati ya Afya



Tumepewa dakika tano, nasi tutazungumzia ngumi. Msicheke jamani!

Tangu tuanze mazoezi nusu saa kabla ya kikao cha hisa, mtaani wanasema kikundi cha kuweka na kukopa kimegeuka kikundi cha ndondi. Hatumpigi mtu. Huko Marekani, Billy Blanks, aliyekuwa bingwa wa karate, alichanganya mateke ya taekwondo na ngumi za ndondi, akatia muziki, akayaita Tae Bo. Kanda zake za video zilivuma miaka ya 1990. Wachina nao, mwaka 1956, waliifupisha taichi ikawa mitindo 24 ya pole pole. Sisi tumechota huku na huko.

Unasimama miguu imeachana, magoti yamelegea, ngumi mbili chini ya kidevu. Unaporusha mkono, nguvu itoke kwenye nyonga, siyo begani, na kiwiko usikinyooshe mpaka mwisho. Pumzi itoke pamoja na ngumi. Mwenye presha asibane pumzi hata kidogo, na aongee na daktari kwanza. Teke la juu tumeliacha kwa vijana; sisi tunapandisha goti, na bibi zetu wanashika kiti.

Wengine wanauliza, jembe na ndoo si mazoezi tosha? Ni mazoezi, tena makubwa. Lakini jembe linakuinamisha upande mmoja tu, wala halikufundishi kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. Hapo ndipo taichi inapowafaa wazee: imethibitika kwamba inapunguza kuanguka. Na bibi akivunjika nyonga, nyumba nzima inasimama, na mfuko wetu wa jamii unafunguliwa. Miaka kumi hii tumeufungua mara nyingi kwa ajili ya matibabu.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa yetu ni mwanzo tu. Nyingine kila mtu ajitafutie kwake. Dawa za presha na sukari haziachwi. Wala asidhani mtu kwamba sasa anaweza kupambana na mwizi! Akimwona, apige kelele, akimbie.

Wafadhili wetu, kwa hili hatuombi vifaa. Tunaomba ukumbi ufunguliwe mapema. Na akina baba mliopo hapa, tunaomba hiyo nusu saa msituulize chakula kiko wapi.