Kubomoka na Kubomolewa

Ndugu msikilizaji, juma hili nimeletewa neno la Kiingereza, "demolition", nitoe Kiswahili chake. Maofisini husema ubomoaji. Mitaani, Kinondoni hata Temeke, watu husema bomoabomoa, nami nawaunga mkono hao wa mitaani: kitenzi kimerudiwa kwa sababu tingatinga haliishii nyumba moja.

Lakini jina, liwe la Kizungu au la kwetu, halimtaji mtendaji. Kitenzi ndicho kinachomfichua. Tuchukue bonde la Msimbazi. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, mto ukafurika, nyumba zikabomoka. Desemba 2015 matingatinga ya serikali yakaingia Mkwajuni, Kinondoni, kwa hoja kwamba bondeni ni mahali pa hatari, na nyumba zikabomolewa. Tofauti ni herufi chache tu. Ukisema za 2015 "zilibomoka", umemfuta mwenye tingatinga. Ukisema "zilibomolewa", msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani, kwa amri gani, na notisi ilitolewa lini?

Msikilize na mwenye nyumba. Hasemi nyumba yangu imebomolewa, husema, "Nimebomolewa." Anayetangulia katika sentensi ni yeye, matofali baadaye. Mwingereza hawezi kulisema hivyo bila kuchekesha.

Na ile alama nyekundu ukutani, kabla tingatinga halijafika? Husemwa nyumba "imepigwa X". Hapo napo, ndugu msikilizaji, yuko aliyepiga.