Sigara ya Betri: Tumsikilize Nani?

Yupo mvutaji aliyeiacha sigara akahamia ile ya betri. Kikohozi cha asubuhi kimepungua, shati halinuki moshi, halafu anasikia wataalamu wakiiponda. Ana haki ya kuhoji.

Mwaka 2015, taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilikadiria kuwa madhara ya sigara ya betri ni pungufu kwa asilimia 95 hivi kuliko ya sigara. Jarida la Lancet likasema ushahidi wa takwimu hiyo ni dhaifu. Mwaka 2019, Marekani, watu waliovuta kwa vifaa vya aina hii waliugua mapafu na baadhi wakafa. Chanzo kikuu kilikuwa mafuta ya vitamini E kwenye bidhaa za bangi. Anayekutisha kwa kisa hicho bila kutaja bangi anakupunja habari.

Kifaa hiki hakiunguzi tumbaku, kwa hiyo hakitoi lami ile ya sigara. Lakini kwa kawaida nikotini imo, na uteja uko palepale. Madhara ya miaka 30? Kifaa chenyewe hakijafikisha umri huo madukani.

Kama huvuti, usianze. Kama unachanganya sigara na kifaa hiki, hujahama bado. Muone mhudumu wa afya akusaidie kuiacha sigara kabisa.