Baridi Inayounguza: Samaki wa Barafu na Mtungi wa Mbegu za Ng'ombe

Leo tunaongea kuhusu baridi kali inayotumika viwandani, na jinsi inavyotufikia nyumbani.

Naitrojeni ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Ikipozwa sana hugeuka kuwa maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Viwanda vingine vya chakula ulimwenguni hunyunyizia maji hayo kwenye samaki au matunda, na kwa dakika chache chakula huwa kigumu kama jiwe. Chakula kikiganda polepole, barafu kubwa kubwa hupasua nyama. Ndiyo maana nyama ya friza ya nyumbani ikiyeyuka hutoa maji mengi na kulegea. Kikiganda haraka, barafu huwa ndogo na nyama hubaki imara.

Lakini mama, baridi haiui viini vyote. Huvilaza tu. Chakula kikipata joto, viini huamka na kuzaana, na mtoto ndiye wa kwanza kuharisha. Kwa hivyo:

1. Samaki wa barafu mnunue mwisho, ukielekea nyumbani.
2. Usimyeyushe juani wala kando ya jiko. Mweke ndani ya friji, au mfunge kwa mfuko usiovuja umtie kwenye maji baridi, kisha umpike mara moja.
3. Akishayeyuka na kupata joto, usimrudishe kwenye friza.
4. Stima ikipotea, usifungue friza. Iliyojaa hukaa na baridi kama siku mbili, iliyojaa nusu siku moja.

Sasa tuje bomani. Yule daktari wa mifugo anayekuja kupandikiza ng'ombe mbegu, kama zile zinazotoka Kabete, hubeba mtungi wenye naitrojeni hiyo hiyo. Ukifunguliwa hutoa kitu kama moshi, na watoto hupenda kuushika. Wazuie! Tone likiingia jichoni au likinaswa ndani ya nguo au kiatu huunguza kama moto.

Hatari ya pili haionekani. Lita moja ya maji hayo hugeuka kuwa karibu lita 700 za hewa isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya chumba kilichofungwa hufukuza oksijeni, na mtu huzirai bila onyo. Mtungi huo usilale chumba kimoja na watu. Wala maji hayo yasitiwe kwenye chupa ya chai na kufungwa; yaweza kuipasua.

Mtoto akiungua, usisugue wala usivute nguo iliyoganda mwilini. Mwagilia maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa dakika 15 au zaidi. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Funika kwa kitambaa safi umpeleke hospitali. Mtu akianguka chumbani mlimo na mtungi, usikimbilie ndani: fungua milango na madirisha kutoka nje, ukiita msaada.

Jioni ya leo, mweleze baba na vijana wanaochunga ng'ombe. Hadi kipindi kijacho, kaeni salama.