Nani Aingie, Nani Aachwe

Orodha ya timu ya taifa inaposubiriwa, mtaa wa Buyenzi huwa na makocha wengi kuliko mafundi magari. Mwaka 2019 walikuwa na sababu. Tarehe 23 Machi, hapa Bujumbura, sare ya 1-1 na Gabon iliipeleka timu ya Burundi, Intamba mu Rugamba, Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Cédric Amissi ndiye aliyefunga. Kocha Olivier Niyungeko akabaki na kazi ya kuchagua majina 23, makipa wakiwemo.

Mengine hayakuhitaji mganga. Fiston Abdul Razak alikuwa amepachika mabao 6 katika kufuzu. Saido Berahino, mzaliwa wa Bujumbura aliyewahi kuitwa kikosi cha England, naye hakuwa wa kujadiliwa. Ubishi huwa kwenye nafasi za mwisho mwisho: beki anayecheza kila wiki ligi ya nyumbani, au mwenzake anayesugua benchi Ulaya? Wengi humchagua wa Ulaya, na hapo ndipo utabiri wao wa kikosi unapoharibika. Benchi haliongezi pumzi.

Kule Misri, fainali hizo zilikochezwa, Burundi ilifungwa 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagaska, kisha 2-0 na Guinea. Ikarudi bila bao hata moja.