Jazi na Muziki wa Watunzi wa Ulaya
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twawashukuru kwa kutupa nafasi hii kati ya taarifa ya Mweka Hazina na uchaguzi wa Halmashauri. Sisi ni wapigaji wa muziki, si wasemaji. Tumeitwa kwa sababu ya maneno yaliyozuka juu ya ombi la vijana wanaotaka chumba cha nyuma cha ukumbi wapate kujifunzia tarumbeta na saksafoni. Wazee kadha wamesema hivi: vijana wakijifunza muziki wa Bach na Handel, ulio jirani na nyimbo za kanisani, chama kiwasaidie, bali ikiwa ni jazi, kisitoe hata senti moja, kwa kuwa jazi ni muziki wa vilabu vya pombe, tena hauna kanuni. Neno hili ni zito, nasi hatutalipita kando.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Hapa kwetu neno hili lilibandikwa kila bendi yenye gitaa. OK Jazz ya Franco, iliyoanzishwa Leopoldville mwaka 1956, ilipiga rumba. Shirati Jazz ya D. O. Misiani ilipiga benga. Ni muziki mzuri, na wengi wenu mmeucheza, lakini sio tunaousema leo. Jazi yenyewe ilizaliwa mjini New Orleans, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, mikononi mwa wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani. Walitwaa tarumbeta na klarineti za bendi za gwaride, wakazipiga kwa mapigo na maitikio waliyorithi kwa wazee wao.

Je, hauna kanuni? Wimbo wa kawaida wa bluzi una vipimo 12, na kila kipimo kina sauti zake za msingi. Mpigaji ana ruhusa ya kutunga papo hapo juu ya vipimo hivyo, lakini akichelewa kimoja tu, bendi nzima yamjua. Waliopata kukaa katika taarabu ya Mombasa wanalifahamu jambo hili: kabla ya wimbo, mpigaji hutangulia na taksimu, ambayo haikuandikwa popote, nayo ina njia yake asiyoweza kuiacha. (Na mojawapo ya vyombo vya taarabu huitwa kanuni!)

Huyo Bach mnayempenda naye alikuwa fundi wa kutunga papo hapo. Mwaka 1747, akiwa na umri wa miaka 62, aliitwa na Mfalme Frederick huko Potsdam. Mfalme akampa sauti chache tu, naye Bach akaketi akazijengea fuga ya sauti tatu mbele ya watu, bila karatasi. Aliporudi Leipzig ndipo alipoandika.

Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni mamoja. Katika muziki wa Ulaya mpigaji hutii alichoandika mtunzi. Katika jazi mpigaji mwenyewe huwa mtunzi kwa muda wa zamu yake. Kwa maoni yetu kazi ya kwanza hufundisha mkono na jicho, ya pili sikio na moyo wa kuthubutu, na kijana anayenyimwa mojawapo hubaki nusu. Mtazameni Wynton Marsalis, mzaliwa wa New Orleans. Mwaka 1984 alipewa tuzo za Grammy za aina zote mbili katika usiku mmoja: moja kwa jazi, nyingine kwa kupiga tarumbeta katika kazi za Haydn na wenzake.

Sasa habari ya pombe. Hatuwafichi: jazi ilikulia katika mabaa na madanguro, na wapigaji hodari waliangamia. Charlie Parker, aliyetumia dawa za kulevya, alifariki mwaka 1955 akiwa na miaka 34 tu. Hofu ya wazee si ya bure. Lakini twawaomba mtazame pia habari ya Louis Armstrong. Usiku wa kuamkia mwaka 1913, akiwa mtoto wa miaka 11, alifyatua bastola barabarani akakamatwa na polisi. Akapelekwa katika nyumba ya kuwalea wavulana weusi waliopotoka. Nyumba ile ilikuwa na bendi, na mwalimu wake, Peter Davis, akamfundisha kupiga koneti na kufuata gwaride. Kazi ile ya ustawi wa watoto ndiyo iliyompa dunia mpigaji wake mashuhuri kuliko wote wa jazi.

Vijana wetu watajifunza, tukipenda tusipende. Tukiwafungia chumba, watakwenda kujifunza mahali ambapo bendi hulipwa kwa chupa.

Kwa hiyo twaomba chumba siku ya Jumanne na Jumamosi, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Ufunguo ashike mzee mmoja atakayechaguliwa na Halmashauri, naye awe huru kuingia wakati wowote. Nusu saa ya kwanza itakuwa ya kusoma noti, na hapo Handel atakuwapo. Sisi tutafundisha bila malipo mpaka mkutano wa mwaka ujao.

Bwana Mwenyekiti, tumeona mikono miwili imeinuliwa huko nyuma, nasi tu tayari kujibu.